Picha Inakaa Upande wa Juu

Watu wananiuliza mimi, kana kwamba mimi ndiye mwenye mali: "Hivi zile diski za kaka yako bado zina maana? Kuna mtu anazitafuta siku hizi?" Huwa nawajibu nendeni mkamuulize mwenyewe, ila mwende mmeshakula, maana hamtatoka leo. Atawakalisha kwenye kile kiti chake cha chuma, atawapakatisha diski moja baada ya nyingine, na kila diski ina hadithi yake na kila hadithi ina nyongeza. Mimi jibu langu ninalo. Simpi mtu wa njiani, kwa sababu nikianza kulisema presha inapanda.

Kaka yangu mtaa mzima unamwita Deki, kama mashine yenyewe ya kuchezea diski. Jina lake la kuzaliwa nadhani hata mkewe inabidi afikirie kwanza. Yeye ndiye mkubwa, mimi ni wa mwisho, Kitinda, na wa katikati hatukubahatika kubaki nao. Mama alipofariki tukabaki wawili, na nyumba yake, na diski.

Nyumba ina vyumba vitatu na baraza. Baraza aliiziba kwa matofali akafanya duka, na humo ndimo zilimo, kuanzia sakafuni hadi kwenye dari. Chini kabisa kuna zile anazoziita masinia, diski za zamani sana, upana wa sinia kweli, nzito, zinang'aa pande zote mbili. Ulikuwa unatazama nusu ya filamu, unainuka kwenye kiti, unaigeuza, unakaa tena. Juu yake kuna zile ndogo ambazo filamu moja ilikuja kwa diski mbili. Juu zaidi kuna dividii, na karibu na dari kuna aina moja ambayo hata yeye hana mashine ya kuichezea na hajawahi kukutana na mtu mwenye nayo. Nikamuuliza, sasa hizi unaweka za nini? Akaniambia, "Mashine itapatikana." Ndiyo akili hiyo.

Alianza kijana kabisa, anaosha glasi kwenye klabu moja ya wakubwa. Mwenye klabu alikuwa na mashine ya masinia, na kaka ndiye aliyepewa kazi ya kuyageuza filamu ikifika katikati, kwa sababu wateja walikuwa wanayashika na vidole vya mafuta. Kaka alikuwa ananawa kwanza. Alikuwa anayashika kingoni, kwa viganja, kama mtu anayepokea kichanga. Mwenye klabu aliponunua mitambo mipya akasema haya yatupwe. Kaka akakodi mkokoteni. Mama alipouona mkokoteni unaingia uani alifikiri mwanawe ameleta vyombo, akaanza kupiga vigelegele. Alipoambiwa ni picha tu, na mashine yenyewe haipo, alivimeza vigelegele akarudi jikoni.

Baadaye alifungua duka la kukodisha filamu, na sitasema uongo, wakati ule kaka alikuwa mtu. Ijumaa foleni inafika kwenye kona. Zile filamu za diski mbili ndizo zilizompa sifa, kwa sababu watu walikuwa wanarudisha moja na nyingine wanaisahau kwao, au mtoto ameichezea sakafuni, haisomi tena. Unatazama nusu ya kwanza, mtu ananing'inia kwenye kamba, halafu basi. Unakwenda dukani kwa hasira. Kaka anaweka mikono kwenye kaunta anakusimulia nusu ya pili, na si kukuambia nani alikufa. Anasema kila neno, anabadili sauti, anakuonyesha mlango ulifunguka upande gani. Watu wengine walikuwa wanakodi ya kwanza tu makusudi.

Ila usithubutu kusimulia wewe akiwepo. Sema "halafu yule jamaa akamwambia ondoka", yeye atakukata palepale: "Hakusema ondoka. Alisema, 'Mlango ule pale.'" Harusini, msibani, popote. Hawezi kuvumilia kitu kisimuliwe pungufu. Mkewe, yaani wifi yangu, alikuwa anamkanyaga mguu chini ya meza.

Kisha mambo yakageuka, kama tunavyojua. Filamu zikaingia kwenye simu. Foleni ikaota mbawa. Duka la jirani lililokuwa la diski likawa saluni, la pili likawa la vocha. Wenzake waliuza shelfu wakaponda zilizobaki, na mmoja nasikia alizitundika shambani kufukuza ndege. Kaka akaweka mashine ya kuchonga funguo mlangoni na akabaki na diski zake nyuma. Mteja anangoja ufunguo wake, yeye anamwaga sera: "Hizi za mtandaoni wewe umeazimwa tu. Wakiamka vibaya wanazifuta. Wanakata vipande wasivyovitaka na wewe hujui. Hii hapa ni yako. Iko kama ilivyotoka." Mteja anaitikia kwa kichwa anasubiri chuma kikatwe. Mara moja alikuja mwenye mgahawa akasema anataka makava ya masinia ayabandike ukutani, yale ya rangirangi, na diski zenyewe kaka abaki nazo. Kaka alimtazama yule bwana kama mtu aliyeomba ngozi ya mtoto bila mtoto. Hakumjibu hata salamu ya kuondoka.

Yote hayo ningeyavumilia. Ni ndugu yangu, kila mtu na kichaa chake. Kilichonifanya niandike haya ni diski moja.

Mimi sikuwepo miaka mingi. Nilikuwa ng'ambo, nafanya kazi ya kutunza wazee majumbani. Yaani nilikuwa nawalisha mama za watu kwa kijiko, nawafuta midomo, nawageuza kitandani wasipate vidonda, na mama yangu mwenyewe namsikia kwenye simu ya kaka, kwa spika, watu wote wamejaa sebuleni. Kwenye simu ile mama hakuwa na maneno. Alikuwa anapiga kelele, "Sisi wazima! Wewe mzima?" na baada ya hapo anairudisha simu kana kwamba inamuunguza. Mwisho wa mwezi natuma chochote, na mashuka, na vyombo, na dawa zake. Nilikuwa najiambia ndiyo kumtunza mama huko.

Binti mkubwa wa kaka akaolewa. Kaka, baba wa bibi harusi, akakataa kuajiri mpiga picha, eti watamharibia. Akashika kamera mwenyewe siku nzima. Mpaka leo ukitazama harusi ile utadhani yule msichana hana baba. Wiki ile ile bibi harusi alinipigia simu. "Shangazi," akaniambia, "bibi alisema maneno ya kukuambia wewe. Walikuwa jikoni yeye na mama, baba akaingia na kamera akamwambia sema neno kwa Kitinda. Mimi nilikuwa ndani navishwa, sikuyasikia. Lakini baba anayo."

Jamani. Mama yangu, ambaye simu ilikuwa inamfunga mdomo, ameniambia maneno. Nilimpigia kaka siku hiyo hiyo.

"Nitumie."

"Naitengeneza kwanza. Lazima niipange, niiweke kwenye diski vizuri."

"Kaka, nitumie tu hivyo ilivyo, kwa simu."

"Kwa simu! Mama yako umtazame kwenye kitu cha ukubwa wa biskuti? Subiri."

Nikasubiri. Mwezi uliofuata alikuwa anangoja diski safi, kwa sababu za dukani zilikuwa mbovu. Baadaye ameshaiweka, lakini posta wataikwaruza. Nikamwambia mtafute mtu wa kompyuta, hiyo ni kazi ya dakika. Akasema mtu wa kompyuta atabakiza nakala yake. Mama mwenyewe kuna siku aliniuliza kwa spika, "Umeiona ile ya harusini?" Nikamwambia bado mama, kaka anaitengeneza. Akaguna. Mama hakuwa mtu wa kurudia neno. Na kabla mwaka haujaisha alilala na homa, akakata kauli, akafa. Mimi nilinyimwa ruhusa, nikazika kwa simu, nimejifungia bafuni kwenye nyumba ya watu.

Baada ya hapo niliitaka diski ile kuliko kitu chochote duniani. Si kwamba natia chumvi. Wengine wana kaburi walilolitia udongo, wana wosia, wana hata ugomvi wa mwisho. Mimi nilikuwa na hicho tu. Lakini kila nikimwambia kaka, ananijibu jibu moja: "Siku ukirudi kabisa tutakaa wote, tutaitazama kwenye mashine nzuri, kwa heshima." Na kweli, nikafikiri, pengine ana haki. Pengine si kitu cha kutazamwa kwenye kitanda cha chuma ugenini na saa ya kazi inalia.

Nikarudi kabisa. Kaka alinipokea kwa machozi, akanibebea mizigo yote peke yake. Wifi alinisalimia kama anavyomsalimia msoma mita. "Umefika." Akarudi ndani. Nikakaa chumba cha mama, na chakula nawekewa mezani kimefunikwa, na nikiingia jikoni yeye anatoka. Nikasema labda ndivyo ukubwa unavyofanya watu. Nikajikaza kisabuni. Mawazo yangu yote yalikuwa kwenye Jumapili, maana kaka alisema Jumapili ndiyo siku.

Nataka niseme jinsi alivyoiandaa, kwa sababu hapo ndipo penyewe. Kaka diski zake zote anazibandika lebo. Karatasi ya duara yenye gundi, na mwandiko wake mzuri wa wino mweusi, jina, mwaka, na mstari chini yake. Upande wa chini, ule unaong'aa, haugusi hata kwa pumzi. Anaufuta kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje, hazungushi. Watu wote wa diski ndivyo walivyo, wanaulinda ule upande wa chini kama mboni ya jicho, kwa sababu taa ya mashine inapiga huko. Upande wa juu wanauona ni kifuniko tu. Kaka alikuwa na desturi lebo ikianza kuwa ya njano anaibandua, anabandika mpya. Dividii zake amezibadilisha lebo mara kibao, hazijawahi kupata kitu.

Jumapili asubuhi amevaa shati la kutokea. Televisheni imefutwa. Viti vimepangwa. Wifi anasonga mambo yake jikoni, hakuja. Kaka akaniambia, "Nimekuandikia lebo mpya, yako," akanionyesha. Alikuwa ameandika, *Mama kwa Kitinda*, kwa wino, na mstari chini yake. Akaiweka diski kwa viganja. Deki ikaivuta, ikasaga, ikanyamaza, ikasaga tena, ikaandika hakuna diski.

"Inapasha," akasema kaka.

Akaitoa, akaifuta upande wa chini, akairudisha. Hakuna diski. Akaleta deki nyingine, na ya tatu kutoka dukani. Jasho lilikuwa linamtoka kifuani, shati limeganda. Mimi nilikuwa nimeketi na mikono mapajani kama mtoto wa shule. Nikamwambia tumwite fundi.

Fundi wa kompyuta ana kibanda mtaa wa pili, na Jumapili hafungi. Aliishika ile diski akaiinua kuelekea dirishani, basi, hakufanya kingine. Mwanga ulipita. Pembeni mwa lebo mpya palikuwa na mabaka makubwa, unaona mpaka miti ya nje.

"Mlibandua kitu hapa juu?"

"Lebo ya zamani," kaka akasema. "Lakini huku juu. Chini sijagusa, tazama mwenyewe, chini ni kioo."

"Chini ni plastiki tu, mzee. Hizi sidii za kurekodi nyumbani, picha inakaa huku upande wa juu, chini ya rangi. Dividii inafunikwa plastiki pande zote, hizi hazijafunikwa. Ukivuta lebo, unavuta na picha." Akaona sura zetu akateremsha sauti. "Ile lebo ya zamani bado ipo?"

Ilikuwepo. Kaka alikuwa ameiweka kwenye mfuko wa shati. Akaitoa, imekunjwa, akaifungua. Upande wa gundi ulikuwa umejaa vipande vya fedha, vidogovidogo, vimeng'ang'ania karatasi. Fundi alitikisa kichwa. Akasema pole, kama mtu anavyosema pole.

Njia nzima ya kurudi kaka alikuwa ameishika ile karatasi kwa kiganja wazi.

Kanda ya kamera je? Alirekodia harusi nyingine juu yake, kama alivyokuwa akifanya siku zote. Kompyuta ya wakati ule ilishakufa na kutupwa. Nikampigia bibi harusi, anakaa mji mwingine, nikamwambia leta nakala yako hata kama imekwaruzwa. Akaja nayo mwenyewe katikati ya wiki. Ikasoma bila shida.

Nikamwona mama. Ameketi kwenye kile kiti kifupi jikoni, anamenya viazi, nywele zimefungwa, miguu imevimba kidogo na mimi sikuwahi kuambiwa kwamba inavimba. Anacheka na wifi. Anageuka kwenye kamera. Uso unatulia, anaweka kisu chini, anafungua mdomo. Halafu wageni wanakula.

"Rudisha," nikasema.

Tukarudisha. Anaweka kisu, anafungua mdomo, wageni wanakula. Bibi harusi akasema, "Shangazi, yangu imekuwa hivyo siku zote, nilidhani ndiyo ilivyo." Nikamgeukia kaka. Akasema alifupisha zile za kugawa, zilikuwa ndefu mno, maneno yangu aliyaacha kwenye ile moja tu, yangu.

Yule binti alipokwenda zake nilimfuata kaka dukani. Nilikuwa sina hasira bado, naapa. Nilikuwa naomba. Nikamwambia, basi niambie wewe. Wewe ndiye ulikuwa umeshika kamera. Alisema nini?

Akachukua ufunguo wa mteja akaanza kuusugua. "Alisema maneno mazuri."

"Maneno gani?"

"Ya baraka. Alisema anakuombea. Ufanye kazi kwa bidii, usirudi nyuma. Kwamba anajivunia." Anausugua tu. "Siku nyingi, Kitinda. Nilikuwa natazama mwanga, siwezi kukumbuka yote."

Hapo ndipo damu iliponichemka. Deki asikumbuke! Mtu anayekumbuka mlango ulifunguka upande gani kwenye filamu ya wageni ambayo hakuna aliyeitazama isipokuwa yeye! Na mama, mama yangu mimi, aseme "ufanye kazi kwa bidii"? Mama aliyekuwa akimkuta mtu anafua mchana anamnyang'anya beseni? Nilimtolea uvivu. Nikamwambia unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nikamwambia umejaza nyumba ya mama takataka za watu wasiotujua, wazima wote, wanaimba, wanapigana, wanabusiana, hakuna hata mmoja aliyekwaruzika, na mama peke yake ndiye uliyembandua. Nililia kwa sauti. Mteja wa ufunguo, mama wa watu, akasema atapita kesho.

Wifi akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Na wewe nawe unatuigizia nini?" akasema, na hakuwa anamwambia kaka. "Unalia diski. Diski si uliiona? Alikutumia mama yu hai, ukaiona, ukanyamaza kimya. Mama anatazama mlango mpaka siku ya mwisho, kila pikipiki ikisimama anauliza nani huyo, wewe uko huko unatuma mashuka! Leo unataka kuitazama tena ikusaidie nini?"

Nikafuta machozi. "Nani alinitumia?"

"Mume wangu."

"Wifi, sijawahi kuiona. Ndiyo naililia hivi. Sijui hata alisema nini."

Akamtazama mumewe, ambaye alikuwa ametupa mgongo na kuanza kupanga funguo kwenye misumari yake, ndogo na ndogo, kubwa na kubwa. "Uliniambia umemtumia, mara tu baada ya mama kumuuliza kwenye simu," wifi akamwambia. "Ulikula kiapo hapa hapa." Kaka akaendelea kupanga. Basi wifi akavuta kile kiti cha chuma akaketi, mwiko mapajani, na sauti yake ikawa ndogo kabisa. Akasema, "Dada yangu, mimi nilikuwa nakuchukia bure."

"Alisema nini, wifi?"

"Alisema vitu vimetosha. Kabati limejaa, mashuka mengine hata hajayafungua kwenye mfuko. Alisema mwambieni arudi, mimi sitaki kitu, namtaka yeye. Basi. Ndivyo alivyosema."

"Si hivyo."

Ilikuwa sauti ya kaka. Hakugeuka. Mkono ulikuwa juu, una ufunguo, haujafika kwenye msumari.

"Hakusema namtaka yeye," akasema. "Alisema, 'Nimechoka kumsikia, nataka nimshike. Na mimi siku zangu nazijua, asije akanikuta nimekwenda.' Halafu akafuta mikono kwenye gauni. Halafu akanitazama mimi, kwenye kamera. Akasema, 'Na wewe, hili usije ukalikata. Mpelekee hivi hivi nilivyosema.'"

Aliyasema kwa sauti ya mama. Ile ya kuvuta pumzi katikati ya neno, ile ya kupandisha mwisho kana kwamba anauliza na kumbe anaamuru. Hakupungukiwa na kitu.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo umekumbuka siku zote hizi."

"Neno kwa neno."

"Na mimi ningerudi."

"Najua ungerudi. Wiki ile ile ungerudi." Akautundika ule ufunguo. "Duka lilikuwa linapumulia hela zako, Kitinda. Filamu zimekwisha, harusi tumeifanya kwa cha kwako, kodi ya mashine cha kwako. Nikasema mwezi huu tu, mwezi ujao namtumia. Halafu mama akafa. Ningekutumiaje baada ya hapo? Nikasema basi, akija atamsikia mwenyewe, aamue mwenyewe la kunifanya. Mimi kwa kinywa changu nilikuwa siwezi."

Wifi aliinuka akaingia ndani, na tukamsikia anafunga mlango wa chumba chao kwa komeo. Mimi sikujua pa kwenda. Chumba changu ndicho cha mama, na mashuka niliyotuma yamo kabatini, kwenye mifuko yake, wifi hakusema uongo. Ningeweza kufungasha siku ile. Nilishaanza hata kufikiria nani atanipokea. Sijamsamehe, na wanaopita kuniambia yaishe nawaambia waende wakaishie kwao.

Lakini yale maneno hayako pengine popote. Wifi anayo nusunusu, na ya kwake yanachakaa, leo kesho yatakuwa mengine. Mengine yote yalinasa kwenye gundi. Mama yangu amebaki kwenye kinywa cha mtu ambaye sitaki hata kumtazama, na kinywa hicho kina miaka yake, kina kikohozi, kitafungwa siku moja kama vingine. Nikavuta kile kiti alichokiacha wifi. Nikakigeuza kikatazama barabarani, nikaketi nimempa kaka mgongo.

Nikamwambia, "Sema tena. Anzia alipoweka kisu chini."